Sehemu Ishirini katika Mia

Mwezi Machi mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitoa sera yake juu ya usafiri usiotumia injini. Katika sera hiyo iliandikwa ahadi nzito, kwamba katika fungu la ujenzi wa barabara, la wakati ule na la miaka ijayo, sehemu ishirini katika mia zitatumiwa kwa ajili ya waendao kwa miguu, wapandao baiskeli na usafiri wa umma. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika mji huo huo, lilisaidia kuitunga. Wageni waliisifu, na sifa yao haikuwa ya bure, maana miji mingi iliyo tajiri kuliko Nairobi haijathubutu kutamka hesabu kama hiyo kwa mdomo, seuze kuitia katika maandishi.

Mwaka ule ule, upande wa kusini mashariki ya Nairobi, kaunti ya Makueni ilipata kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi. Kanuni hizo zilitaka sehemu moja tu katika mia ya fedha za maendeleo. Moja si kitu mbele ya ishirini. Walakini, mtu akiitazama miaka iliyofuata ataona kwamba ile moja ilifika vijijini ikawa maji, na ile ishirini ilibaki zaidi katika karatasi. Tofauti hiyo haitokani na wema wa watu wa Makueni wala ubaya wa watu wa Nairobi. Inatokana na historia ya mabaraza ya Kenya, na zaidi na swali ambalo historia hiyo imeliuliza tangu uhuru: nani ameshika ufunguo wa sanduku?

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 mabaraza ya wilaya na ya miji yalikuwa na kazi za kweli. Yaliendesha shule za msingi, zahanati na barabara ndogo, na yalitoza kodi ya kila mtu iliyopanda kwa kadiri ya mapato yake. Mengi yalielemewa na mzigo huo, kwa kuwa watoto waliotaka kusoma waliongezeka upesi kuliko fedha. Mwaka 1966 tume iliyoongozwa na W. S. Hardacre ilichunguza hali yao, ikashauri kwamba yatiwe nguvu. Serikali ilikwenda njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha kazi, tangu Januari 1970 shule za msingi, afya na barabara zilitoka mikononi mwa mabaraza ya wilaya zikaingia wizarani. Manispaa saba tu, Nairobi ikiwa mojawapo, ndizo zilizoachiwa kazi hizo. Kodi ile nayo ikaondoka katika miaka michache iliyofuata. Baraza la wilaya likabaki na ushuru wa masoko, leseni za maduka na ada za machinjio. Diwani aliyeulizwa na mpiga kura wake habari za daraja lililochukuliwa na maji alikuwa na jibu moja la haki: kwamba ataandika barua Nairobi.

Nairobi yenyewe haikusalimika. Mwaka 1983 serikali ilivunja baraza la jiji, ikaweka tume ya watu walioteuliwa, na tume hiyo ikakaa hadi uchaguzi wa mwaka 1992. Kwa karibu miaka kumi wakaaji wa mji mkuu walilipa kodi ya majumba na ada za maji pasipo kuwa na diwani wa kumwuliza zilikokwenda. Sheria ya mwaka 1998 ya mfuko wa mabaraza ndiyo iliyoanza kurudisha kitu: sehemu tano katika mia za kodi ya mapato ya nchi zikagawiwa mabaraza, na baadaye yakatakiwa kuwasikiliza raia kabla ya kuzipangia kazi. Ilikuwa fedha kidogo, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini mkaazi wa kijiji aliweza kuuliza habari ya shilingi fulani na kuambiwa kwamba ilikuwa na jina la baraza lake.

Katika muda huo wote watu walitembea. Uchunguzi wa usafiri uliofanywa Nairobi mwaka 2004 kwa msaada wa Wajapani ulionyesha kwamba karibu nusu ya safari za kila siku zilifanywa kwa miguu. Baiskeli ilipata kiasi cha safari moja katika mia. Wako waliosema kwamba hesabu hiyo ndogo yaonyesha kuwa watu wa Nairobi hawapendi baiskeli. Hoja hiyo ni sawa na kusimama katika ukingo wa mto usio na daraja na kusema kwamba watu wa ng'ambo hawapendi kuvuka. Mpanda baiskeli aliyetoka Kawangware kwenda kazini Eneo la Viwanda alikuwa na hiari ya kupita baina ya matatu na lori, au kupita katika mtaro. Na hesabu za vifo vya barabarani mjini zimeonyesha mwaka hata mwaka kwamba waendao kwa miguu ndio wengi katika waliokufa.

Penginepo katika nchi mambo yalikuwa mbali na hayo, na hapana budi kuitazama habari hii kwa utulivu, maana inaonyesha jinsi mstari mmoja wa makadirio ya serikali uwezavyo kubadili mwendo wa watu. Mpakani Busia, katika miaka ya 1960, vijana walianza kuwabeba abiria kwa baiskeli katika sehemu iliyo baina ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, mahali ambapo basi halikuruhusiwa kupita na mzigo ulikuwa mzito kuchukuliwa kichwani. Waliita wateja kwa kutamka Kiswahili neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, na ukelele huo ukawa jina la kazi: boda boda. Kazi ikaenea upande wa magharibi wote wa Kenya. Katika mji wa Kisumu baiskeli nyeusi, zito, yenye kiti cha sifongo juu ya kibebeo, ikawa gari la mwalimu, la mama aendaye kliniki na la mwuza samaki. Fundi wa baiskeli alikaa chini ya kila mwembe. Hakuna baraza lililotoa hata senti kuianzisha kazi hiyo, wala lililoijengea njia.

Kisha, katika mwaka 2008, hazina ya taifa iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi ujazo wa 250. Shabaha ilikuwa kuwapa vijana kazi, na kazi walipata. Kufikia mwaka 2010 pikipiki zilizosajiliwa nchini kwa mwaka mmoja zilipita 100,000. Jina la boda boda likahama, likaiacha baiskeli na kuikalia pikipiki, na mtoto aliyezaliwa Kisumu baada ya hapo aweza kulitumia neno hilo maisha yake yote asijue kwamba liliwahi kuwa la baiskeli. Si haki kumlaumu kijana aliyeuza baiskeli yake akanunua pikipiki kwa mkopo. Miguu yake ilipumzika na siku yake ikaleta fedha zaidi. Linalotakiwa kukumbukwa ni kwamba mabadiliko hayo, ambayo yameujaza moshi na kelele kila mji wa Kenya na kuzijaza wadi za mifupa katika hospitali, hayakujadiliwa katika baraza la mji hata moja. Miji ilipokea matokeo ya uamuzi uliofanywa mahali pengine kwa fedha za mahali pengine.

Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilikusudia kukomesha mambo ya namna hiyo. Iliunda kaunti 47, ikaamuru zipewe si chini ya sehemu kumi na tano katika mia za mapato ya taifa, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya zamani yakazikwa, magavana na mabunge ya kaunti yakashika mahali pao. Baadhi ya kazi zilizochukuliwa mwaka 1970 zikarudi: zahanati na barabara ndogo. Fedha nazo zikarudi, na ugomvi wa fedha ukaja pamoja nazo.

Makueni ilionja ugomvi huo kuliko kaunti nyingi. Gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, aliyekuwa profesa wa sheria kabla ya kuingia siasa, hakupatana na wajumbe wa bunge la kaunti juu ya makadirio ya mwaka 2014. Wajumbe walitaka mafungu yao, gavana alikataa, kazi zikasimama. Tarehe 23 Septemba 2014 mapambano yalizuka katika uwanja wa bunge hilo mjini Wote, risasi zikalia, watu wakajeruhiwa. Maelfu ya wenyeji wakatia sahihi maombi kwamba kaunti yao isimamishwe, yaani gavana na wajumbe wote waondoke pamoja. Tume ikaundwa, ikasikiliza, ikashauri kwamba kweli isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa shauri hilo, akawaambia viongozi hao wapatane.

Ni katika moshi wa vita hivyo kanuni za mfuko wa tabianchi zilipozaliwa, na pengine ndiyo sababu zilitungwa na watu wasiokuwa tayari kuaminiana. Mfano wake ulikuwa umejaribiwa kwanza Isiolo, tangu miaka ya mwanzo ya 2010, kwa fedha za Uingereza. Huko Waborana wana utaratibu wa kale uitwao dedha, ambao wazee wake huamua malisho yapi yatumiwe wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yafungwe kabisa yangojee ukame. Visima vilivyochimbwa na wasaidizi wa zamani bila ya kuwauliza wazee viliharibu mpango huo, kwa kuwa mifugo ilifuata maji na kumaliza malisho ya akiba kabla ya siku yake. Basi katika jaribio la Isiolo kamati za wadi, zilizochaguliwa na wenyeji wenyewe, ndizo zilizopewa kauli ya kwanza. Baadhi yake hazikuomba kisima kipya. Ziliomba uwezo wa kukilinda kilichopo, na nguvu ya sheria kwa neno la wazee. Wataalamu wa makadirio hawakuwa wamezoea maombi ya namna hiyo, yaani mtu kupewa fungu akaomba kujengewa uzio badala ya bomba.

Makueni iliuchukua mfano huo ikaufunga kwa kamba tatu. Kwanza, sehemu moja katika mia ya fedha za maendeleo iliandikwa katika kanuni zilizo na nguvu ya sheria, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, wala si katika sera ambayo afisa aweza kuifungia sandukuni. Pili, fedha hizo ziliwekwa katika mfuko wa peke yake, ambao salio lake halirudi hazina mwaka unapokwisha. Tatu, na hili ndilo kubwa, kanuni zilieleza wenye kuzitumia: sehemu sabini katika mia za mfuko ni za miradi iliyochaguliwa na kamati za wadi, ishirini ni za miradi ya kaunti nzima, na gharama za ofisi hazina ruhusa ya kupita kumi. Mwenye kutaka kuiba alitakiwa sasa kumwibia mtu anayejulikana, mwenye jina na kiti katika kamati, ambaye alikuwa akingoja bwawa la mchanga katika mto fulani wa kijiji fulani. Wajir ilifuata kwa sheria ya mwaka 2016, na yenyewe ikataka sehemu mbili katika mia.

Mambo hayakuwa mepesi hata hivyo. Fedha za kaunti zote za Kenya huchelewa kutoka hazina ya taifa, na bwawa linalopaswa kumalizika kabla ya mvua za Novemba halina faida kubwa likimalizika Januari. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, ambapo misimu ya mvua ilikosekana mfululizo, ulikuwa mkubwa kupita mfuko wowote wa kaunti. Sehemu moja katika mia ya fedha za kaunti maskini ni kijiko katika sufuria. Lakini kijiko hicho kilikuwa na mpini, na watu walijua nani ameushika.

Huko Nairobi ahadi ya ishirini haikuwa na mpini. Ilikuwa sera, haikuwa sheria. Haikufunguliwa mfuko wake wa peke yake, wala haikuundwa kamati ya waendao kwa miguu katika Mathare au Kibera yenye haki ya kukataa makadirio yasiyowataja. Tena ilikuwa sehemu ishirini katika mia za nini? Hapa ndipo historia ya mwaka 1970 ilipojificha. Barabara ambazo watu wa Nairobi hufa juu yake kwa wingi, kama vile ya Mombasa, ya Thika na ya Waiyaki, hazikuwa za kaunti. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu za taifa, moja kwa barabara kuu, moja kwa za mijini na moja kwa za vijijini, nazo zikaendelea kushika barabara na fedha hata baada ya katiba mpya. Barabara ya Thika, iliyofunguliwa Novemba 2012, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na wa Uchina, si kwa kura ya diwani. Kwa hiyo kaunti iliahidi ishirini za fungu lake, na fungu kubwa halikuwa lake.

Njia nzuri za miguu na za baiskeli zilipokuja katikati ya mji, hazikuja kwa mlango wa sera. Februari 2020 gavana Mike Sonko alitia sahihi kuikabidhi serikali ya taifa baadhi ya kazi kubwa za kaunti, na ofisi mpya iliyoongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi ikaanza kazi mwezi uliofuata. Ofisi hiyo ilipanua njia za miguu katika barabara ya Kenyatta na mitaa ya jirani, ikapaka rangi njia za baiskeli, na watu waliokuwa wamezoea kusukumana ukingoni wakapata mahali pa kukanyaga. Kazi ilionekana, na aliyeisifu alikuwa na haki. Hata hivyo ilitoka kwa amri, na muda wa amri ulipokwisha mwishoni mwa Septemba 2022 hapakuwa na kamati ya kudai iendelezwe. Katika miezi ile ile barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilikuwa ikijengwa juu ya vichwa vya watu hao hao. Ilifunguliwa Mei 2022. Baiskeli hairuhusiwi juu yake. Chini yake, waliokuwa na kijia cha vumbi na kivuli cha mti wakakuta nguzo.

Husemwa mara nyingi kwamba njia za baiskeli zajengwa ili kuponya tabianchi. Kwa Amsterdam au Copenhagen hoja hiyo ina uzito. Kwa Kenya inahitaji kupimwa, maana moshi wa nchi nzima ni chembe ndogo mno katika moshi wa dunia, na kama wakaaji wote wa Nairobi wangepanda baiskeli kesho, mvua ya Makueni isingerudi kwa sababu hiyo. Sababu ya kweli iko karibu zaidi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu mia mbili nchini na kubomoa nyumba kando ya mto Mathare, yaliwakuta kwanza wale wale waendao kwa miguu. Mji ambao mtaro wake umezibwa kwa upanuzi wa barabara humzamisha mwenye viatu kabla ya mwenye gari. Njia ya miguu yenye mtaro ulio wazi na mti kando yake ni kazi ya tabianchi na ni kazi ya usafiri kwa wakati mmoja, na mhasibu anayeziandika katika kurasa mbili mbalimbali za makadirio ndiye anayezifanya zionekane kuwa mambo mawili.

Tangu mwaka 2021 mfano wa Makueni umeenezwa kwa mpango wa serikali ya taifa unaosaidiwa na Benki ya Dunia na nchi nyingine. Kaunti inayotaka sehemu ya fedha hizo hutakiwa kwanza kuwa na sheria yake ya tabianchi, mfuko wake, na kamati za wadi. Kwa hiyo kaunti nyingi zimetunga sheria hizo upesi, na si vigumu kuona kwamba nyingine zimezitunga kwa kuipenda fedha ya nje kuliko kamati. Hilo si aibu kubwa. Kamati ikiisha kukaa, huwa na desturi ya kuuliza maswali ambayo aliyeiunda hakuyatazamia.

Upande wa barabara, Julai 2024 ushuru wa matengenezo unaotozwa katika kila lita ya petroli na dizeli ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwenda kwa miguu huulipa ndani ya bei ya unga na sukuma wiki zilizoletwa na lori. Abiria wa matatu huulipa ndani ya nauli. Mgawo wake hufuata daraja za barabara na mamlaka zinazozishika, na mabishano juu ya sehemu ya kaunti katika ushuru huo yamefika mahakamani. Wanaobishana ni magavana kwa upande mmoja, Bunge na mamlaka za taifa kwa upande mwingine. Waendao kwa miguu na wapandao baiskeli hawakuitwa kuwa upande katika shauri hilo.